Chungu cha Mbetula cha Gudny Tveiten

Gudny Tveiten aliingia kiwanda cha kusokota sufu akiwa msichana wa miaka kumi na sita, akatoka humo siku kilipofungwa, mvi zimejaa kichwani. Kiwanda kile ndicho kilichompa mshahara, na ndicho kilichomla masikio. Hakuwa peke yake. Wanawake wote wa ghorofa ya kusokotea waliondoka vile vile, mmoja anasikia kidogo, mwingine hasikii kabisa, na wote wanasoma midomo ya watu kama sisi tunavyosoma gazeti. Mashine zilikuwa zinanguruma kiasi kwamba hata ukipiga kelele, jirani yako hapati kitu. Kwa hiyo walizoea kusemezana kwa midomo bila sauti, wakasengenyana hivyo miaka yote mbele ya msimamizi wao, naye asijue.

Baada ya kiwanda kufungwa alirudi kukaa na kaka yake Halvard, juu kule kwenye shamba la wazazi wao, na kondoo na baridi. Halvard si mtu mbaya. Ni mtu wa kuona kila kitu kwa jicho la matumizi. Mbetula mkubwa wa uani, ule mti wa gome jeupe, ulipoangushwa na dhoruba ukalalia kibanda cha kuni, Halvard alitoka na msumeno siku hiyo hiyo. Gudny akasimama mbele ya gogo.

"Sogea, nipasue kuni," Halvard akamwambia.

"Kipande hiki cha shinani ni changu."

"Cha nini?"

"Nataka kutengeneza chungu."

"Chungu cha mti? We Gudny, masikio yameharibika, na akili nayo imeanza?"

"Akili ningekuwa nayo nisingerudi kukaa na wewe," Gudny alisema, akakaa juu ya lile gogo mpaka Halvard akachoka akaenda kupasua matawi.

Wakati huo Gudny alikuwa tayari anakuja kwetu kila Jumanne. Sisi ni kikundi cha wakerezaji mbao, watu wa kuzungusha mti kwenye mashine na kuuchonga kwa patasi, tunakutana kwenye jengo la zamani la kusindika maziwa, chini kando ya mto. Mashine yangu ilikuwa jirani na yake, ndiyo maana haya nayajua. Alishajifunza vinara vya mishumaa na mabakuli ya wazi, tena mabakuli mazuri, hayatii aibu. Lakini bakuli ni jambo jingine. Bakuli unaliona ndani. Chungu chenye mdomo mwembamba unapitisha patasi kwenye tundu dogo, unakichimba tumbo, na hapo macho hayana kazi tena. Chombo kinazunguka, patasi imezama ndani, na wewe unakula mti usiouona. Ukila kidogo, chombo kinabaki kizito kama jiwe. Ukizidisha, umetoboa ubavu.

Mwalimu wetu alikuwa Sverre Lien, mzee mrefu mwenye ndevu zilizofunika kifua. Zilikuwa ndevu za maana, zilimfunika mdomo wote, na kwa Gudny mtu wa namna hiyo ni sawa na nyumba isiyo na mlango. Vile vifaa vya kusikia alivyopewa hospitalini alikuwa anavivua mashine zikiwashwa, maana vilimpigia mluzi kichwani. Basi Sverre alikuwa akifundisha, na Gudny akimtazama mikono. Kwa mabakuli ilitosha.

Alipoleta kile kipande cha mbetula, kibichi bado, kinatoa maji, Sverre alikizungusha mikononi, akasema kitu ndani ya ndevu.

Gudny akanigeukia. "Anasemaje?"

Sikutaka kusema, lakini alikuwa ananikodolea macho. "Anasema kazi hii ni ya masikio. Ubavu ukianza kuwa mwembamba sauti ya patasi inabadilika, inapanda. Ndivyo mtu anavyojua aache."

"Mwambie ninaanza leo," alisema Gudny.

Alianza. Alikigawa kile kipande sehemu tatu, ili apate vyungu vitatu, kwa kuwa alijua atakosea. Cha kwanza alikipa umbo la nje vizuri kabisa, mabega ya mviringo, shingo fupi. Akatoboa katikati, akaingiza patasi ile iliyopinda ncha. Hakuchukua muda patasi ikanasa ndani, mti ukaruka kutoka kwenye mashine, ukapasukia ukutani. Kipande kimoja kilimgonga kwenye kinga ya uso. Tulizima mashine zote. Gudny alivua kinga, akautazama ule mkwaruzo, akachukua ufagio.

Halvard alipokuja kumchukua na gari alikuta tunaokota vipande. "Kumbe ni kuni hata hivyo," akasema. "Sema tu njia imekuwa ndefu."

Gudny alimsoma midomo vizuri sana, kwa sababu alimrushia maranda usoni.

Cha pili kilikwenda mbali zaidi. Jumanne mbili alikichimba polepole, anazima mashine, anamwaga maranda, anapima kwa waya uliopindwa, anawasha tena. Mimi nilikuwa nasikia jinsi sauti ilivyokuwa inapanda. Sverre naye alisikia, akawa anakuja mbio kutoka upande wa pili, mkono juu. Hakufika. Patasi ilitokea ubavuni, na pale palipokuwa na mti tukaona mwanga wa dirisha. Gudny alibaki ameinama. Kisha akaingiza kidole kwenye lile tundu, akakichezesha, kama mtu anayeonyesha soksi iliyotoboka. Tulicheka, na yeye akacheka, ila siku hiyo hakunywa kahawa na sisi.

Jumanne iliyofuata akaingia mzee mmoja ambaye sikumjua. Kidevu cheupe kama unga uliokandwa, mashavu yamebonyea. Nilimpa mkono kumkaribisha mgeni. "Acha upuuzi," mgeni akasema, na ile sauti ilikuwa ya Sverre.

Alikwenda moja kwa moja kwa Gudny, akasimama mbele yake kwenye mwanga.

"Sasa unanisoma?"

Gudny alimkagua kidevu. "Nakusoma. Kumbe una kidevu kidogo hivyo, mzee wangu! Ndiyo maana ulikuwa unakificha."

"Mke wangu ameshasema hayo hayo. Nisikilize. Yaani, nitazame. Mimi hii kazi nilifundishwa kwa masikio na sijui njia nyingine."

Uso wa Gudny ukabadilika. "Yaani umenyoa ndevu za maisha yako yote uje kuniambia siwezi?"

"Sikusema huwezi. Nimesema sijui nitakufundishaje. Nilitaka unisikie kwangu mwenyewe, si kwa huyu." Akanionyesha mimi kwa kidole.

Sijui Gudny aliwaza nini. Alikaa kwenye benchi na kile kipande cha mwisho mapajani, akawa anakipapasa. Baadaye akatuuliza kama tunadhani kule kiwandani walijuaje mashine ikianza kuharibika, wakati hakuna aliyesikia kitu. Akaweka kiganja juu ya mashine yangu, iliyokuwa inazunguka bure.

"Hivi," alisema. "Tulikuwa tunapita tukizigusa. Hii yako ina tatizo huku nyuma. Mkanda umelegea."

Nilifungua kifuniko. Mkanda ulikuwa umelegea.

Sverre alikuna kile kidevu chake kipya. "Patasi ni patasi, Gudny, si mashine ya sufu."

"Basi utaniona."

Chungu cha tatu alikichimba tofauti. Mpini wa patasi aliubana chini ya kwapa, ukalala juu ya mkono wote, na vidole viwili vya mkono wa kushoto akaviweka kwa nje, juu ya tumbo la chombo linalozunguka, vyepesi kabisa. Alikuwa anafumba macho. Alituambia baadaye kwamba ubavu ukiwa mnene hausemi kitu, ni kama kumshika ng'ombe. Ukianza kupungua unakuja mtetemo mdogo, na kadiri unavyopungua ule mtetemo unakuwa wa kasi, unatekenya. Na mti unapata joto.

Siku ya kumaliza, sauti ilianza kupanda mapema. Sisi sote tuliacha kazi zetu. Ikapanda tena. Sverre alikuwa amesimama nyuma yake, na nilijua Gudny amefikia kiwango ambacho mzee mwenyewe angeachia. "Inatosha!" akapiga kelele, kama kwamba kelele ingesaidia. Gudny aliendelea. Sauti ikapanda hadi ikawa kama ya glasi. Sverre akanyoosha mkono kwenye swichi, na kabla hajaigusa Gudny akatoa patasi na kuzima mwenyewe.

Aligeuka akamkuta mzee yupo mgongoni kwake, amekuwa mwekundu.

"Una nini?"

"Umenitoa roho, mwanamke wewe! Nimekupigia kelele hapa kama kichaa!"

"Sasa si unanijua? Umepiga kelele za nini?"

Sverre alichukua ule waya, akapima kuanzia shingoni mpaka chini. Akapima tena upande wa pili. Kisha akaenda kwenye taa ya mezani, akaiweka karibu na mdomo wa chungu, na tumbo lote likang'aa kwa rangi ya asali, sawasawa pande zote, isipokuwa karibu na kitako ambako palikuwa na kivuli kidogo.

"Hapa chini umeacha mnene," alisema.

"Hapo niliogopa," Gudny akajibu.

Siku hiyo alikula mikate mitatu ya siagi na sukari na akanywa kahawa yetu yote.

Mbetula mbichi haukai ulivyoachwa. Ulipokauka, juu ya kabati la jikoni kwa Halvard, chungu kilijikunja upande mmoja kikawa na umbo la yai, na kwenye kile kitako kinene kikapata ufa mdogo. Gudny alikileta atuonyeshe, bila kujivunia na bila kuomba radhi. Sverre alisema ufa umetokea pale pale alipoogopa, kwa sababu mnene na mwembamba havikauki kwa mwendo mmoja. Gudny alimwambia hilo ameshaligundua.

Halvard alikitazama kwa juma zima kabla hajasema kitu. Alipima kama kinashika maji, kikavuja. Akapima kama kinashika misumari, mkono wake haukupita mdomoni. Mwishowe akauliza ni cha kazi gani. Dada yake akamwambia ni cha kuwa pale. Halvard akalifikiria hilo, akala viazi vyake.

Majira ya kuchipua yaliyofuata tuliona trekta lake mbele ya jengo la maziwa. Alikuwa ameleta gogo la mti mgumu uliokatwa kando ya barabara, akaliangusha mlangoni, akaondoka bila kuingia. Gudny alilihangaikia kwa wiki kadhaa. Mti ule ulikuwa na mtetemo wake, anasema, tofauti na mbetula, na ilimbidi aanze upya kabisa. Kile cha kwanza alichochonga kutoka humo kilipasuka kuanzia mdomo hadi kitako, tukakichoma kwenye jiko la kutupashia joto. Sasa hivi yuko kwenye cha pili.