Mbio za Kwenda Mukamira

Kabla ya vita, Gisenyi ilikuwa na mbio za baiskeli kila mwaka, na Phocas Kabera aliwahi kushika nafasi ya tatu. Vita vilipokuja mbio zikafa. Waliobaki na baiskeli wakawa wachukuzi, na Phocas akawa anashusha viazi kutoka vilima vya Bugeshi hadi Petite Barrière, kwenye mpaka wa Rwanda na Kongo.

Mwishoni mwa 1998 tangazo likabandikwa sokoni: mbio zimerudi, kwenda Mukamira na kurudi. Ni barabara ileile ambako waasi wa msituni walikuwa wamechoma basi miezi miwili nyuma.

"Baba Keza, unatafuta kufa juu ya velo?" mkewe Denyse alimuuliza. "Njia ile hata voiture ya abiria inapita na woga."

"Basoda watakuwa njiani na bunduki zao."

"Na siku ya basi hawakukuwa?"

Phocas alijua mkewe amesema kweli. Lakini alikuwa na miaka thelathini na minne, na miguu haingemngoja. Akajiandikisha.

Asubuhi ya mbio walifika watu arobaini, wengi na baiskeli nzito za mizigo. Mwandalizi, Bwana Kimenyi, aliyekuwa amerudi kutoka Tanzania, aliwaambia, "Ndugu zangu, msitawanyike. Nendeni kwa kundi hadi Mukamira. Mashindano yenyewe yaanze mnaporudi."

Hakuna aliyebisha. Njia nzima hakuna aliyetaka kutangulia, maana wa mbele ndiye angekutana na risasi kwanza, na wa nyuma angeachwa. Kila mtu aling'ang'ania katikati, usukani ukigusana na usukani. Pale Mahoko, kituo cha njiani, watu wa soko walitoka kuwashangilia, na askari wawili walisimama kwenye kona. Phocas akapumua kidogo.

Walipogeuza Mukamira, miguu ikasahau woga. Kwenye mwinuko Phocas na Sibomana, kijana fundi wa baiskeli wa mjini, wakawaacha wenzao. Kwa dakika chache Phocas alisikia ile furaha ya zamani kifuani.

Kisha wakafika tena Mahoko, na soko lilikuwa tupu. Sufuria ya maharage ilikuwa ikichemka mekoni bila mtu. Kwenye kona hapakuwa na askari. Mikono ya Phocas ilikamata breki yenyewe.

"Sibomana, simama! Watu wako wapi?"

"Siwezi, mukubwa! Nikisimama nakufa!"

Akapotea kwenye kona. Phocas alijitupa mtaroni na baiskeli yake, uso kwenye matope. Akasikia risasi tatu, halafu kimya. Alitaka kumfuata yule kijana, lakini hakuthubutu kuinua kichwa. Alichoweza ni kusubiri, na aliposikia wengine wakija, alitambaa hadi katikati ya barabara akainua mikono kuwasimamisha.

Walilala mtaroni wote, wakinong'ona sala, mpaka askari alipotokea migombani. Waasi walionekana kilimani, alisema, wamefukuzwa, piteni haraka. Wakashuka pamoja, na kwenye kila kona Phocas alitafuta mwili barabarani.

Hakuuona. Sibomana alikuwa kwenye mstari wa kumalizia, mshindi, bado juu ya baiskeli, na wanaume wawili walikuwa wakimfungua vidole kwenye usukani kimoja kimoja. Hakuna aliyepiga makofi.

"Unisamehe," Phocas alimwambia. "Nilikuacha."

"Uliniita, mukubwa. Ni mi nilikataa."

Phocas hakuuliza yeye amekuwa wa ngapi. Nyumbani Denyse alimshika mabega, akamtazama mbele na nyuma, kisha akaingia ndani kulia peke yake.

Mwaka uliofuata mbio zilifanyika tena, na Sibomana alikuwemo. Phocas hakujiandikisha. Alipanda Mahoko mapema asubuhi, akasimama kwenye kona ile mpaka mpanda baiskeli wa mwisho aliporudi na kupita, ili safari hii wamkute mtu pale.