Ng'ombe Aliyemfundisha Mideva Kupiga Picha

Mideva alikuwa akiuza dawa za mifugo katika duka moja mjini Eldoret, na hakuna mtu aliyekuwa na shida naye. Shida ilianza siku aliponunua kamera ya mtumba kutoka kwa mteja aliyekuwa akihamia ng'ambo. Tangu siku hiyo, majirani zake wa mtaa wa Kimumu wakimwona anakuja na kile kitu shingoni, walikumbuka ghafla kwamba wameacha maharagwe motoni.

Wa kwanza kuteseka alikuwa mumewe, Opondo, mwalimu wa hesabu, mtu mpole sana. Mideva alimpiga picha akinywa chai, akinyoa ndevu, akisahihisha madaftari. Katika zote Opondo alionekana kama mtu anayetafutwa na polisi.

"Cheka kidogo basi, Baba Bridgit."

"Nimecheka."

"Hapo ndio umecheka?"

"Hapo ndio nimemaliza."

Kisha kanisa likamwomba apige picha ya kwaya kwa ajili ya kalenda. Mideva alikuwa amesoma kwenye simu kwamba picha nzuri hufuata mistari, naye alipoona mistari ya zile sare mpya za zambarau, aliifuata kwa bidii hadi akasahau vichwa. Kalenda ikachapishwa bila mtu kuikagua. Mwaka mzima waumini walikuwa wakitambuana kwa viatu. Mwenyekiti wa kwaya peke yake ndiye aliyefurahi. Alisema hajawahi kutokea vizuri hivyo.

Mideva aliona aibu hadi akaanza kukaa kiti cha nyuma kabisa kanisani. Jumapili moja jioni alitangaza kwamba anaiuza kamera.

"Usiuze," Opondo akamwambia. "Tafuta tu mtu ambaye hajali vile anatoka."

Mtu huyo alipatikana, ila alikuwa ng'ombe. Mzee Kipchumba, mkulima wa Moi's Bridge, alikuja dukani kununua dawa ya kupe huku akilalamika. Alikuwa na ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, wa kuuza, na picha aliyoipiga kwa simu na kuituma kwa kikundi cha wakulima ilikuwa imezibwa nusu na kidole chake. Wanunuzi wawili walimuuliza kama huyo ni mbuzi.

"Mimi nitakupigia, Mzee," Mideva akasema, kabla akili haijamshauri.

Jumamosi akaenda. Kila alipoinua kamera, ng'ombe aligeuka na kumpa makalio. Saa tatu nzima! Lakini ng'ombe haharakishwi, na kwa kungoja Mideva akajifunza yale ambayo simu haikumfunza: kuligeuzia jua mgongo, kupiga goti matopeni, kumrudisha ng'ombe mguu mmoja wa nyuma ili kiwele kionekane. Akagundua pia kwamba ukitikisa ndoo ya chakula na kulia "Prrrr!" kwa midomo, masikio husimama na macho hung'aa. Alipobonyeza kitufe, yule ng'ombe alitokea kama mbunge siku ya kuapishwa. Kesho yake akanunuliwa.

Wakulima wengine wakaanza kupiga simu. Kwa miaka miwili Mideva alizunguka mashambani kila Jumamosi, akipiga picha fahali, ndama, hata kondoo mmoja mkali aliyemwangusha kwenye mtaro. Mkono ukazoea. Ndipo Mzee Kipchumba akarudi dukani na habari nyingine: binti yake Purity anaolewa, na mpiga picha ni Mideva.

"Mzee, mimi ni wa ng'ombe!"

"Kama umeweza ng'ombe, na hata Kiswahili hasikii, Purity atakushinda?"

Siku ya harusi ikafika. Purity akasimama mbele ya shamba la mahindi, amekauka kama mlingoti, na bwana harusi kando yake amekunja uso. Woga ukamzidi Mideva, na mdomo ukasema ulichozoea kusema.

"Geuka ubavu! Kichwa juu! Huo mguu wa nyuma, rudisha kidogo!"

Purity akatii. Halafu Mideva, mbele ya wachungaji wawili wa kanisa na ukoo mzima, akatoa sauti kubwa: "Prrrr!"

Shangazi mmoja akauliza, "Kwani hii ni harusi ama ni mnada?"

Purity ndiye aliyepasuka kwanza. Alicheka hadi shela ikaanguka, bwana harusi akamshika asianguke yeye pia, wachungaji wakashikana mabega. Mideva alitaka ardhi immeze, lakini mkono haukumngoja. Ulibonyeza, ukabonyeza tena.

Picha zile zilizunguka simu za watu hadi Eldoret. Hakuna aliyesimama kama mlingoti, na vichwa vyote vilikuwepo. Kabla mwezi haujaisha alikuwa na harusi nne, na katika zote wenyewe walimwomba alie "Prrrr". Mideva akaaga dukani, akapanga chumba kidogo mjini juu ya duka la fundi wa nguo, akaandika mlangoni: HARUSI, PASIPOTI NA MIFUGO.

Mteja wake wa kwanza alikuwa karani mmoja, Githinji, aliyetaka picha ya pasipoti, ile ambayo mtu haruhusiwi kucheka. Githinji aliketi saa tatu asubuhi, akamtazama Mideva, akakumbuka alichosikia kumhusu, na mabega yakaanza kumtikisika. Walimaliza saa nane mchana.