Mume wa Malkia Velandra

Kaka yangu Simplicio Manapat alibeba barafu miaka thelathini na minane, kutoka kiwandani hapa Malabon hadi soko la samaki, na muda wote huo hakuwahi kutoka nje ya dunia hii. Nalisema mapema kwa sababu wako watu wazima, wenye akili zao na wajukuu, wanaonibishia.

Lawama zote ni za Mang Ruperto Vinzon, yaani Mzee Ruperto. Mzee huyu tulipakana naye ukuta, alikuwa mchoraji wa katuni na mvivu wa kutoka ndani. Mwaka 1964 kampuni iliyokuwa ikichapa katuni kila Alhamisi ilimtaka alete shujaa mpya. Akachungulia dirishani, akamwona Kuya Simo, maana ndivyo ninavyomwita kaka yangu mkubwa, anaoga kwenye bomba la uani: taya kama droo iliyosahauliwa wazi, pua iliyovunjwa na bonge la barafu, kovu juu ya nyusi. Akamchora vilevile, akamwongezea jicho la tatu na upanga, akampaka rangi ya kijani. Hivyo ndivyo alivyozaliwa Urdano, shujaa wa vita kutoka sayari ya Himbal. Kuya hakuulizwa. Habari alizipata kwa wauza samaki.

Mwanzoni tulicheka. Urdano alipokatwa mkono wa kushoto katika toleo la arobaini, wauza samaki walimwambia Kuya abebe bonge mojamoja, asijitese. Mkono ulipoota tena wiki nne baadaye, walimrudishia mzigo wake bila hata kumpa pole. Urdano alipomsaliti rafiki yake vitani, bibi mmoja alimmwagia Kuya maji aliyooshea samaki. Alhamisi iliyofuata ikabainika kwamba msaliti alikuwa mtu mwingine aliyevaa sura ya Urdano, na bibi yule akaja na sahani ya pansit, tambi za kukaanga, kuomba radhi. Kuya aliila. Kaka yangu hakuwa mtu wa maneno, na hilo ndilo lililomponza.

Toleo la sitini na moja Urdano alioa. Alimwoa Malkia Velandra wa Himbal, mwanamke mrefu mwenye macho matatu na subira ya ajabu. Harusi ilichukua kurasa nne za rangi. Sokoni Kuya alipewa hongera siku nzima, naye akarudi nyumbani uso umemshuka, kwa sababu alikuwa na mwaka wa pili akimpenda Nieves.

Nieves alikuwa binti wa pekee wa Aling Ponyang, yaani Bi Ponyang, mjane wa mtaa wa pili aliyekodisha katuni. Alitandaza kamba mbele ya nyumba, akabana matoleo kwa vibanio vya nguo, akaweka benchi refu. Ulikaa, ukasoma, ukarudisha. Hakuna katuni iliyotundikwa pale kabla Aling Ponyang hajaisoma mwenyewe kuanzia jina hadi tangazo la dawa ya minyoo.

Kwetu kuposa ni kupanda ngazi: ndugu wa mwanamume wanabeba chakula, wanapanda hadi nyumbani kwa binti, wanaongea mambo mengine kwanza. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, kwa hiyo mwaka 1968 tulipanda mimi, Kuya mwenyewe, baba yetu mdogo, na shangazi wawili wenye sauti. Aling Ponyang alitupokea vizuri, akatupa kahawa, akasikiliza yote.

"Simo ni kijana mzuri," akasema. "Ana kazi, hanywi, anasali. Sina neno naye kabisa. Ila ana mke."

Baba mdogo akaweka kikombe chini. "Mke gani tena?"

Mwenyeji wetu akainuka, akaenda kwenye kamba, akabandua toleo la sitini na moja na kuliweka mezani kando ya sinia letu la pansit.

"Aling Ponyang," nikasema, "hiyo ni katuni."

"Najua ni katuni, Charing. Si mimi ninayeikodisha? Unaniona nimechanganyikiwa?"

"Sasa?"

"Sasa watu wanajaa kwenye benchi langu kila wiki, na hiyo taya hakuna asiyeijua. Nikimwoza Nieves watasema Ponyang kamtoa bintiye awe mke wa pili. Na huyo Velandra wa watu kosa lake nini? Kila siku yuko vitani na mumewe."

"Lakini hayupo," akasema baba mdogo.

"Hata mtakatifu wa parokia yetu sijawahi kumwona, na simvunjii heshima."

Nilimtazama Kuya nikitegemea leo atafungua mdomo. Akafungua, akasema, "Nitangoja." Ningekuwa na lile sinia mkononi ningempiga nalo.

Kwetu pia mtu akikataliwa humtorosha mchumba wake, wazazi wakanuna mwezi mmoja, kisha wakapika. Nilimpelekea Nieves wazo hilo mimi mwenyewe. Alikuwa anafua, hakuinua hata kichwa.

"Ate Charing," akasema, maana aliniita dada ingawa tulizidiana miezi tu, "mama ana mimi tu hapa duniani. Nikiondoka bila baraka zake atakaa na nani?"

"Na Velandra."

Hakucheka. Basi ikabaki njia moja. Nikamshika Kuya mkono hadi kwa Mang Ruperto, nikamweleza mzee kwamba amemwozesha kaka yangu bila idhini na sasa amfanye mjane.

"Mnataka nimuue malkia?" akauliza, wino hadi kwenye nyusi.

"Taratibu tu," akasema Kuya. "Asiumie."

Mang Ruperto alikuwa mvivu lakini hakuwa na roho mbaya. Katika toleo la mia mbili na kumi na nane Velandra alitumbukia kwenye mlima wa moto. Aling Ponyang alilia hadi akafunga biashara siku hiyo, kisha akaja kwetu na kipande cha kitambaa cheusi na pini, akambandika Kuya kifuani. Kufiwa na mke ni mwaka mzima wa kuvaa nyeusi, kisha matanga yanaondolewa kwa chakula, ndipo mtu anaoa. "Mwaka mmoja tu, mwanangu," akamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mwanangu. Kuya alibeba barafu na kitambaa chake kifuani, wauza samaki wakavua kofia.

Ujane ule ulidumu wiki tatu. Barua zililetwa kampuni kwa magunia, na mhariri akamwambia Mang Ruperto achague kati ya mlima wa moto na kazi yake. Toleo la mia mbili ishirini na moja Velandra alionekana ameketi salama juu ya mgongo wa ndege mkubwa. Aling Ponyang alirudi, akabandua pini. "Hongera, Simo," akasema, na alimaanisha.

Subira huvuta heri, wanasema. Kwa kaka yangu ilivuta mvi. Kampuni ilikuwa ya ndugu wawili, wakagombana. Mmoja akachukua mitambo, mwingine akachukua Urdano. Aliyechukua Urdano akapata wino wa bei rahisi, shujaa akawa zambarau, na watu wakamuuliza Kuya kama ini linamsumbua. Kisha serikali ikataka katuni ziwe na mafunzo. Urdano akaweka upanga chini mwaka mzima na nusu, akawafundisha watu wa Himbal kupanda mboga kwenye makopo na kuzibua mifereji. Kuya alichaguliwa mwenyekiti wa mifereji ya mtaa. Malabon ilifurika mwaka ule kama miaka yote, na lawama alibeba yeye.

Mwisho katuni ilinunuliwa na watu wa sabuni ya unga. Kuanzia hapo, kabla ya kila vita, Velandra alifua. Unafikiri wangekubali afe? Nilimwendea tena Mang Ruperto, akanionyesha mkataba: mfuaji asiguswe.

Kuya na Nieves walionana kila Jumapili baada ya misa, wakatembea hadi kwenye duka la keki za mchele, wakala moja moja, wakarudi. Miaka kumi na sita. Niliwaambia wote wawili ni wajinga. Niliwaambia mara nyingi, na sijutii.

Halafu mambo mawili yakatokea. Mwaka 1981 mtoto wa jicho alimfunga Aling Ponyang macho yote mawili. Benchi lilikuwa limeshaanza kubaki tupu, watu wakikimbilia televisheni, na kamba zikaanuliwa. Akabakiwa na kitanda, redio, na Alhamisi, siku ambayo Nieves aliketi karibu naye akamsomea Urdano. Na mwaka 1984 Mang Ruperto alifariki akiwa juu ya meza yake ya kuchorea. Kuya alibeba jeneza. Watu wa sabuni walijaribu wachoraji watatu, hakuna aliyeiweza ile taya, wakaacha. Urdano alikomea toleo la elfu moja na mbili, hakuna aliyeshinda vita.

Kwa hiyo Velandra alikuwa hai milele. Aliyekuwa na uwezo wa kumuua tulikuwa tumemzika.

Hivyo ndivyo nilivyodhani hadi siku nilipompelekea Aling Ponyang supu ya kuku, nikamkuta Nieves anamsomea. Nilisimama mlangoni. Urdano alikuwa amerudi kutoka vitani, Velandra akamuuliza kama miguu inamuuma, wakala samaki. Nieves alikuwa ameshika karatasi iliyofungiwa dagaa. Aliniona, akaendelea kusoma karatasi ile tupu bila kukwama.

Tulipotoka nje nikamuuliza tangu lini.

"Tangu Mang Ruperto afe. Nimewaomba majirani wasimwambie. Hana kingine, Ate."

"Yaani kila Alhamisi unaitunga wewe?"

"Ndiyo."

"Nieves, basi muue. Ni wewe sasa. Hakuna mhariri, hakuna sabuni. Leo augue, Alhamisi ijayo afe."

Akakunjakunja karatasi ya dagaa. "Unajua alivyolia ile mara ya kwanza? Ngoja kidogo."

Akangoja miaka mitatu. Malkia aliugua akapona, akaanguka akainuka, na kila alipokaribia kaburi Aling Ponyang alishika mkono wa Nieves na Nieves akampa malkia dawa. Hadi Kuya alipoteleza kiwandani akavunjika nyonga. Nilikwenda kwa Nieves moja kwa moja kutoka hospitalini na sikumwomba. Nilimwambia kwamba kaka yangu ana miaka hamsini na moja, amelala peke yake wodini, na anayempangusa jasho ni mimi, wakati mwanamke wa karatasi anapewa dawa kila wiki.

Alhamisi iliyofuata Velandra alikufa kitandani, kwa homa, mumewe amemshika mkono. Nieves alisoma huku analia. Aling Ponyang alilia pia, akaagiza sala za siku tisa. Watu walikuja, kwa sababu palikuwa na kahawa na biskuti, na wakamwombea malkia wa Himbal apumzike kwa amani. Kuya aliletwa kwa gari la barafu, gongo kwapani. Aling Ponyang akapapasa kifua chake, akabandika kitambaa cheusi.

Mwaka ukaisha. Matanga yakaondolewa kwa wali wa kunata na nguruwe mdogo, na kesho yake tukapanda ngazi upya. Baba mdogo hakuwepo tena, shangazi amebaki mmoja. Aling Ponyang alisikiliza yote, akasema, "Mchukue, Simo. Mwezi wa Mei ni mzuri." Miaka ishirini tuliyongoja ikaishia katika maneno hayo. Shangazi alianza kulia, mimi nikaanza kupakua chakula.

"Na Ruperto," akauliza Aling Ponyang, "alizikwa wapi?"

Nieves akasimama na kijiko mkononi.

"Nani kakwambia, mama?"

"Hakuna. Nimekodisha hadithi za Ruperto tangu hujavunja ungo. Katika hadithi zake hakuna mtu aliyewahi kula. Hakuna aliyemuuliza mwenzake miguu inamuuma. Wiki ya kwanza tu ulipompikia Urdano samaki, nikajua Ruperto amekufa na anayetunga ni wewe."

"Kwa hiyo ulijua," nikasema, na sauti haikuwa ya mgeni aliyekuja kuposa. "Miaka minne ulijua hakuna katuni, na ukamvalisha kaka yangu kitambaa cheusi?"

"Nilijua, Charing."

"Ulikuwa unangoja nini?"

Hakunijibu mimi. Alinyoosha mkono hewani hadi Nieves akaushika.

"Malkia alikuwa wako," akamwambia. "Ungemuua wiki yoyote uliyotaka. Kila Alhamisi nilikuwa najiambia, leo atamuua, ataondoka. Ukimwacha hai, nilikuwa namshukuru Mungu, kwamba wiki hii nayo umenichagua mimi. Halafu naona haya, nalala. Ningeweza kusema neno moja tu. Sikulisema."

Nieves hakutoa mkono wake. Kuya aliegemea gongo lake akatazama sakafu, na mimi nilitoka nje kwa sababu nilijijua.

Walioana Mei. Kuya alikuwa na miaka hamsini na miwili, Nieves arobaini na minne, na watoto hawakupata. Walihamia kwa Aling Ponyang, naye akaishi miaka tisa zaidi, analishwa, anaogeshwa, anabebwa na kaka yangu hadi kibarazani apate upepo. Mimi sijamsamehe hadi leo. Nieves alimsamehe kabla ya Alhamisi.