Mama wa Maabara na Chupa ya Uyoga

Kefa akikaa kijiweni Makambako huanza kwa kuapa kwamba hakuna atakayemwamini, na kweli hawamwamini, ila habari za yule mama wa maabara kule Njombe wenzake huzisikiliza mpaka mwisho. Ni mama mfupi, mwenye sauti ya kanisani na mikono iliyopauka kwa sabuni. Chupa ya uyoga uliohifadhiwa, iliyomlaza hospitali shemeji yake Kefa, hakuinusa, maana sumu ile haina harufu. Aliifungulia ndani ya kabati la kioo, akaitenga sumu na maji ya uyoga polepole, ajue ni ya aina gani ili dawa yake iagizwe. Kila hatua ikiisha, hunawa mpaka viwikoni, kisha hunawa tena.

Alipopanda wodini na jibu, alimkuta shemeji kope zimeanguka, mwili umelegea wote, na Kefa pembeni ya kitanda akibishana kwa simu juu ya bei ya mbao za jeneza kutoka Matembwe. “Nyamaza, baba. Anasikia kila neno.” Akainama sikioni mwa mgonjwa: “Mama, dawa inakuja. Kama umenisikia, chezesha kidole.”

Juzi kijiweni, hadithi ilipofika hapo, Kefa akasimama kabisa: “Jamani, kidole kikanyanyuka! Mara mkono! Mara shemeji akaketi, akaanzisha wimbo wa kwaya, wodi nzima ikaitikia, na mimi nikapiga besi mpaka—”

“Kidole tu, baba,” ikasema sauti ya chini nyuma yake. Yule mama wa maabara alikuwa ameshuka basi, amesimama na mkoba wake wa safari. “Kidole kimoja. Na wewe ulikuwa unalia.”