Kamba ya Ndama

Juzi nilikuwa gereji ya Bonga na gari langu linalokula oili na kufuka moshi wa bluu. Fundi alikuwa anabadilisha sili za vavu, vile vimpira vya kuzuia oili, akakosa kamba ya kujaza ndani ya silinda ili vavu zisidondoke. Mzee mfugaji akapita akimvuta ndama wake kwa kamba, fundi akamwita.

"Shikamoo mzee. Tuazime hiyo kamba."

"Marahaba. Nyinyi shikeni gari lenu, mimi namshika wangu."

Akamfungua ndama, akamkumbatia mpaka sili ya mwisho. Nilipomshukuru, aliinusa kamba yake. "Inanuka oili. Ndama akinuka hivi, mama yake atamkataa leo," akasema, akaondoka.

Moshi umekwisha. Ng'ombe wakivuka barabara sasa, sipigi honi.