Mfalme Niliyemsitiri

Karatasi yangu ya historia ilirudi na alama thelathini na tano kwa mia, nami nilihamaki. Kurasa tatu nzima, nimezichapa kwa vidole viwili, halafu thelathini na tano! Pale chini mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Na udhaifu uko wapi?"

Swali lilitaka tueleze nguvu na udhaifu wa upande wa mfalme katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, karne ya kumi na saba, mfalme alipopigana na bunge lake mwenyewe. Nguvu nilizieleza mpaka nikaona raha. Mwanzoni wapanda farasi wake walikuwa hodari kuliko wa adui. Alikuwa na maofisa waliokwisha kuonja vita Ulaya, na mabwana wakubwa waliotoa vyombo vyao vya fedha viyeyushwe ili askari walipwe. Juu ya yote palikuwa na jina la mfalme lenyewe, maana wako waliomfuata kwa sababu tu ni mfalme. Nilipofika kwenye udhaifu niliandika mstari mmoja: alikuwa na upungufu wake kama binadamu yeyote, Mungu amsitiri.

Haukuwa uvivu. Kwetu Mombasa mtu akishafariki hutajwa kwa mema yake. Nimekaa matanga mengi hapa ughaibuni, Hyattsville, mengine ya watu ambao visa vyao sote tulivijua, na hakuna aliyefungua mdomo ila kwa sifa. Sasa mfalme huyu, aliyeshindwa vita akakatwa kichwa hadharani, ndiyo mimi nije nimwanike?

Lakini nikifeli somo hili, sihitimu. Niliachishwa shule nikiwa na miaka kumi na minne, nikalea wadogo zangu, nikaolewa, nikaja huku, nikaogesha na kulisha wazee wa watu miaka na miaka, ndipo nikajiandikisha chuo cha kaunti nikiwa na hamsini na moja. Historia ndiyo iliyobaki, na niliichagua kwa sababu moja tu: ilifundishwa Jumanne na Alhamisi asubuhi, wakati sina zamu. Basi nikamfuata mwalimu ofisini kwake. Ni mzee mpole ambaye wenzangu walimwita kwa jina lake la kwanza kama rika lao. Mimi ulimi ulikataa, nikamwita mwalimu. Nilimweleza habari ya maiti na mema yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema Alhamisi atanipa dakika kumi mbele ya darasa nijibu swali zima kwa mdomo, na hapo ndipo itajulikana kama nimepita.

Jumatano alasiri binti yangu alinishika jikoni, kitabu mkononi, nami nakaanga mandazi.

"Haya Mama, weaknesses. Go."

"London ilikuwa mikononi mwa bunge," nikasema. "Na bandari nyingi, na manowari. Na wale wapanda farasi wake, wakishavunja safu ya adui, hawarudi uwanjani. Wanafukuza mpaka kwenye mizigo ya jeshi la adui, wanaanza kupora, na huku nyuma askari wa miguu wanaangamia."

"Good. Na mfalme mwenyewe je?"

"Mfalme... Mungu amrehemu."

"Mama! Uta-fail!"

"Mwanangu, maiti hasengenywi."

Akashika kichwa. "Okay, amekufa. But alipokuwa hai? Nobody told him?"

Nilizima jiko. Yale mandazi yaliyobaki kwenye mafuta yaliyafyonza mpaka yakawa hayaliki, wala sikujali. Nilimpokonya kitabu, nikasoma habari za washauri wa mfalme mpaka adhana ya magharibi ilipolia kwenye simu yangu.

Alhamisi nilivaa buibui langu jipya. Nikiwa nimesimama mbele ya wale vijana na kompyuta zao, nilimwomba yule mfalme radhi kimoyomoyo, kisha nikamsema. Kiingereza changu kina lafudhi ya Mombasa na sijawahi kukiombea msamaha.

"Udhaifu mkubwa wa upande wa mfalme," nikaanza, "ndio ulionipa mimi thelathini na tano. Heshima. Washauri wake waligombania sikio lake, na mara nyingi aliyelipata ni yule aliyemwambia anachotaka kusikia. Mimi nilimsitiri mfalme huyu kwenye karatasi, nikapoteza alama. Wao walimsitiri asijione mwenyewe, akapoteza kichwa."

Walicheka. Nikaendelea na London, na bandari, na wale waporaji wa mizigo. Nilipomaliza, mwalimu aliinua kalamu.

"Lakini mpwa wake, kamanda wa farasi, alishauri kwamba vita havishindiki tena, ifanywe suluhu. Huyo si alisema?"

Jibu nilikuwa nalo.

"Alisema, mwalimu, na mfalme akakataa. Wiki chache baadaye mpwa huyo aliposalimisha mji mmoja kwa adui, mfalme alimwachisha kazi. Sasa baada ya hapo, nani mwingine angethubutu?"

Mwalimu aliweka kalamu mezani. Alinitazama, nami sikuinamisha macho.

"Umepita," akasema. "Tena umepita vizuri sana."

Nilijisikia mkubwa kuliko chumba kile. Nimepigia vigelegele maharusi wasiohesabika, na kila mahafali ya watoto wa watu kuanzia Beltsville hadi mjini. Siku ile, saa nne na nusu asubuhi, mbele ya darasa zima, nilijipigia mwenyewe, na sikukatisha mpaka pumzi iliponiishia.