Miguu Mipya ya Ghala la Bi Mwanakheri

Mwanakheri binti Mrisho bin Kibwana. Babu yake huyo Kibwana alibeba mbegu za mtama begani kutoka Ruhembe hadi hapa kwetu Munisagara mwaka wa njaa, wala hakutafuna punje njiani. Mama yake aliona afadhali alale njaa kuliko kupika mbegu. Yeye mwenyewe alitunza ghala letu la mbegu tangu kabla ya Uhuru. Na mimi Costancia, mama wa Beda, niliyemaliza darasa la nne nikajiona nina macho kuliko wenzangu, nilimshuku wizi.

Mwaka sabini na nne, tulipokusanywa kuwa kijiji cha ujamaa, ghala liliwekwa chini ya kamati. Miguu yake ya miti ilikuwa imeliwa na mchwa. Mwenyekiti Melkizedek akaagiza vibuyu vyote vya mbegu vishushwe, ghala lijengwe upya, kisha virudishwe. Bi Mwanakheri akakataa. Kibuyu kikitikiswa, alisema, udongo wa mdomoni hupasuka, wadudu huingia, na mvua ikija hatuna cha kupanda. Wabadilishe miguu, mlango, hata uongozi, lakini vibuyu vibaki vilipo. Mguu mpya usimame kwanza, ndipo wa zamani utolewe.

Mafundi wakafanya hivyo. Mimi nikajiuliza, anaogopa nini? Kibuyu kitupu ni chepesi, na atakayekishusha atajua. Nikawanong'oneza wenzangu kisimani. Kesho yake walikuwa wakimtazama kwa jicho la pembeni, na mwenyekiti akatangaza kwamba kazi ikiisha kila kibuyu kitakaguliwa mbele ya watu.

Kwetu kibuyu cha mbegu huzibwa kwa udongo na majivu, kisha hukandamizwa kwa vidole gumba vitatu: cha mwenye mbegu, cha jirani na cha mtunzaji. Gumba la Bi Mwanakheri liliwahi kukatwa na mundu, kwa hiyo alama yake ilikuwa na mstari katikati.

Siku ya tatu, mafundi walipokwenda kula na kuuacha mlango wazi, nilipanda ghalani nikatoboa udongo wa kibuyu changu. Mtama ulijaa hadi shingoni. Nikakiziba haraka, nikakandamiza gumba langu mara tatu, nikashuka.

Siku ya ukaguzi vibuyu arobaini na kimoja vilikutwa salama. Cha arobaini na mbili, cha mwisho, changu, hakikuwa na alama ya mstari. Watu wakaguna. Melkizedek hakungoja maelezo.

"Bi Mwanakheri, lete ufunguo."

Akaanza kufungua pindo la kanga alimoufunga. Nilijua akiutoa ule ufunguo, ataondoka na jina la mwizi, yeye na kaburi la mama yake. Nikasogea mbele.

"Mwenyekiti, ni mimi," nikasema. "Magumba hayo yote ni yangu."

Wakamimina mtama mkekani. Haukupungua. Mmoja wa wale wa kisimani, wa kwanza kuyaamini maneno yangu, akaniuliza, "Mama Beda, umekuja kujiibia mwenyewe?" Watu wakacheka, nikatamani ardhi inimeze.

Bi Mwanakheri hakucheka. Alinisogelea, akanikunjulia kiganja, akaweka ufunguo ndani yake.

"Mimi nilizoea kuwaamini watu, ndiyo maana ulipanda nisikuone," akasema. "Wewe mwanangu humwamini mtu, hata kibuyu chako hukiamini. Basi lilinde ghala. Na kila Ijumaa uiname uikague miguu, maana mchwa hawana habari kwamba ni mipya."